Barua kwa mwanangu: Kwa nini wachunguzi hukutana

Mwanangu mpendwa,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Sisi sote ni wazima, na baba yako anakusalimu sana. Katika barua yako umeniuliza kama kuna faida ya kujiunga na chama cha sayansi hapo chuoni, ilhali yote yanayozungumzwa huko unaweza kuyasoma peke yako chumbani. Swali hilo nimelifikiria kwa muda, na jibu nimeliona katika historia ya makoloni ya Waingereza kule Amerika Kaskazini, ambako katika karne ya 18 vyuo vilikuwa vya kuhesabika na vitabu vilisubiriwa kwa meli kutoka ng'ambo.

Nitaanza na mji wa Boston. Mchungaji Cotton Mather, aliyekuwa mwanachama wa Royal Society, jumuiya ya wanasayansi ya London, alikuwa na mtumwa Mwafrika aliyempa jina la Onesimus. Mather alimuuliza kama amewahi kuugua ndui, naye akajibu ndiyo na hapana. Kisha akaeleza kwamba kwao mtu alichanjwa chale, akatiwa usaha kidogo kutoka kwa mgonjwa wa ndui, akaugua kwa siku chache tu, na baada ya hapo hakuuogopa tena ugonjwa huo. Akaonyesha na kovu mkononi. Mather aliwauliza Waafrika wengine mjini, na maelezo yao yakaafikiana. Baadaye alisoma katika jarida la Royal Society ripoti ya daktari mmoja wa Konstantinopoli kuhusu desturi hiyo hiyo, na mwaka 1716 akaandika London kusema kwamba habari hizo alikuwa amekwisha kuzipata kwa mtumwa wake.

Ndui ilipoingia Boston mwaka 1721, Mather aliwaandikia matabibu wa mji akiwaomba waijaribu njia hiyo, na aliyekubali ni mmoja tu, Zabdiel Boylston, aliyeanza kwa kumchanja mwanawe mwenyewe wa miaka 6. Mji ulichafuka, na bomu likatupwa ndani ya nyumba ya Mather. Wapinzani walisema, pamoja na mambo mengine, kwamba maneno ya Waafrika si ya kuaminiwa. Boylston aliendelea kuchanja na kuandika. Katika watu zaidi ya 240 waliochanjwa walikufa 6, na katika watu karibu 5,900 walioupata ugonjwa kwa njia ya kawaida walikufa 844. Hesabu hiyo ilichapishwa London, na mwaka 1726 Boylston akapokewa katika Royal Society. Onesimus, aliyekuwa chanzo cha elimu yote hiyo, hakupokewa popote. Naomba jambo hili lisikupite, kwa sababu watu hupenda kusimulia historia ya sayansi kana kwamba watu wetu hawakuwamo.

Mwaka huo huo, kijana wa miaka 15 aitwaye Benjamin Franklin alikuwa mwanagenzi katika kiwanda cha uchapaji cha kaka yake, kilichotoa gazeti lililopinga chanjo. Miaka 15 baadaye, mwaka 1736, mwanawe Francis, mtoto wa miaka 4, alikufa kwa ndui akiwa hajachanjwa. Watu walipoeneza uvumi kwamba chanjo ndiyo iliyomwua, Franklin alichapisha tangazo la kuukanusha, na alipoandika habari za maisha yake alikiri kwamba alijuta kwa uchungu, akataja jambo hilo kwa ajili ya wazazi wengine. Mimi ni mzazi, na maneno hayo siwezi kuyasoma haraka.

Mwaka 1743 Franklin huyo alitoa pendekezo la kuunda jumuiya ya kueneza elimu yenye manufaa katika makoloni yote. Ndiyo iliyokuja kuitwa American Philosophical Society, yenye makao yake Philadelphia. Lilikuwa pendekezo la watu wanaojua shida ya umbali: wachunguzi wametawanyika, wengi hawatakutana maishani, na aliyoyaona mmoja hufa pamoja naye. Alitaka Philadelphia iwe na angalau wanachama saba, wakiwemo tabibu, mtaalamu wa mimea, mwanahisabati na mkemia, wakutane kila mwezi, wasome barua zilizotoka mbali, wazijibu, na kila mwanachama atoe sarafu moja ya fedha ya Kihispania, ile ya reale nane, kwa mwaka. Miongoni mwa mambo ya kuchunguzwa aliweka njia mpya za kuponya na kuzuia magonjwa. Jumuiya hiyo ilidhoofika upesi, kwa kuwa wanachama hawakujituma, ikalala kwa miaka mingi, na ikasimama imara mwaka 1769 tu ilipoungana na chama kingine cha mjini humo.

Kilichoitia nguvu ni sayari ya Zuhura. Tarehe 3 Juni 1769 Zuhura ilipita mbele ya jua, jambo ambalo lisingetokea tena hadi mwaka 1874. Wataalamu wa elimu ya nyota walijua kwamba wakipima nyakati za tukio hilo kutoka sehemu mbalimbali za dunia, wangeweza kukokotoa umbali wa jua. Hapo ndipo penye jibu la swali lako: mtu mmoja, hata awe na darubini bora kuliko zote, asingeupata umbali huo kwa macho yake peke yake. Jumuiya iliweka vituo vitatu, yaani katika uwanja wa jengo la serikali mjini Philadelphia, katika rasi ya Henlopen, na huko Norriton, kwenye shamba la David Rittenhouse, fundi saa asiyesoma chuo chochote, aliyejitengenezea vyombo kwa mikono yake. Inasimuliwa kwamba Zuhura ilipogusa ukingo wa jua, Rittenhouse alizidiwa na furaha hata akazimia kwa muda mfupi. Mimi nayaamini masimulizi hayo. Vipimo vyao vilipelekwa London, na mwaka 1771 vikatoka katika juzuu ya kwanza ya jarida la jumuiya yao wenyewe, wanazuoni wa Ulaya wakavipokea kwa heshima.

Rittenhouse alikuja kuwa rais wa jumuiya hiyo mwaka 1791. Wakati huo Benjamin Banneker, mkulima Mweusi huru wa Maryland aliyejifunza elimu ya nyota kwa vitabu vya kuazima, alikuwa amekokotoa almanaka, yaani kitabu cha kalenda chenye hesabu za jua, mwezi na nyota, ya mwaka 1792, na Rittenhouse aliisifu kazi yake. Hata hivyo, Banneker hakuchaguliwa kamwe kuwa mwanachama. Almanaka zake ziliuzwa na kutumiwa na watu waliopanga kazi zao kwa hesabu zake, lakini wenye chama walimwacha nje. Hilo lilikuwa kosa lao, na hasara ikawa ya elimu yenyewe.

Kwa hiyo nenda kwenye mkutano wao, mwanangu, ukae nyuma usikilize. Uliza kama wanatunza daftari la yale waliyoyapima, pamoja na majaribio yaliyoshindikana, na kama wana mazoea ya kubadilishana vipimo na vyuo vingine. Kisha tazama anayenyamazishwa ni nani anapotaka kusema. Ukishayaona hayo niandikie, nami nitakutumia ada ya uanachama mwisho wa mwezi.

Mama yako akupendaye