Noeli inakaribia, musikate sipre zenu kichwa

Bandugu na bamama ba Bukavu, jambo kwenu. Mvua ikisha kukamata vizuri, kuanzia mwezi wa kumi, simu zetu, sisi benye kukata uzio na kusafisha parsele, zinaanza kulia na maneno ni yale yale: tunataka parsele ipendeze mbele ya sikukuu, kuko bageni batatoka Kinshasa, kuko dote, kuko arusi ya mtoto, mukuje mupunguze ile sipre ya ku klotire (uzio), muikate chini kabisa, kisha mupake rangi ku mlango wa barabarani na mufagie. Kazi ya rangi na ya kufagia tunaikubali palepale. Ya sipre tunaomba kwanza tuje kuona, na kuko benye banakasirika, banafikiri tunatafuta njia ya kupandisha bei. Njo maana tunaandika hii leo, ili kila mtu ajue shida iko wapi mbele ya kutuita sisi, ao mbele ya kuita kijana yeyote mwenye kupekupe (panga).

Sipre haiko sawa na miti ingine ya uzio. Miyenzi unaikata mpaka ku magoti, mvua ikinyesha mara mbili tatu iko inatoa tena. Bugenvilia vilevile. Mukaliptusi hata ukiangusha muti mzima, kisiki kinaleta vijana vipya, na batu ba huku banajua ile vizuri sababu njo banapata miti ya kujenga. Sipre hapana. Sipre inaota tu pale kwenye kuko kijani, ukiisha kupita kijani na kuingia ku miti mitupu ya ndani, pale hapataota tena, hata ungemwaga mbolea ya ngombe gunia nzima.

Ukitaka kuona kwa macho yako, toka nje sasa hivi, simama karibu na uzio wako, ingiza mikono miwili, fungua matawi uangalie ndani. Inje kuko kijani kibichi, vijani vidogo sana vya magamba vimelaliana ku vijiti, ukivisugua mu vidole vinatoa ile harufu kali tunayoijua wote. Ingiza mkono kidogo tena, pengine shibiri moja ao mbili tu, kijani kinaisha. Kunabakia vijiti vya kahawia, vumbi, mbegu za zamani zimekauka na zingali zimeng'ang'ania, na buibui. Ile sehemu ya kahawia haikufa, maji inapita mule kila siku kwenda ku majani, lakini haina tena macho ya kuchipuka. Basi mtu akikuja na kupekupe akatelemsha uzio nusu mita kwa siku moja ili "ipumue", anakuachia ukuta wa vijiti vya kahawia, na ule ukuta utaangaliwa na bageni bako Noeli hii, na Noeli ya mwaka kesho, na ile ingine.

Sisi sekateri yetu (mkasi wa matawi) haivuki kijani, isipokuwa mwenye nyumba amekubali pabakie kahawia. Pale tunakataa kazi, mara nyingi ni hapo tunakataa.

Shida inakuwa ngumu zaidi ku parsele za zamani, kule Muhumba, Nguba, na ku baadhi ya avenyu za Nyawera, kwenye sipre ilipandwa na babu wa mwenye nyumba ao na mtu wa mbele yake. Muti wenyewe, wenye jina la kitaalamu Cupressus lusitanica, asili yake ni Mexico na Amerika ya Kati, lakini inapenda milima yenye baridi kidogo, na Bukavu tuko karibu mita 1,500 juu ya bahari, kwa hiyo inajisikia kwao kabisa. Ukiiacha huru inaweza kufika mita 30. Ule uzio unaouona uko mita mbili, ni miti mikubwa umeizuia kwa mkasi, na kila mwaka unaosahau kuikata inachukua nafasi yake mu parsele. Ikisha kula mita nzima ya kiwanja, mwenye nyumba anatuambia: mutunirudishie mita yangu. Hapo tunamuambia ukweli, kuko njia tatu tu. Ya kwanza, tunapunguza kidogo kidogo ndani ya kijani, mara mbili kwa mwaka, uzio unaacha kunenepa lakini mita yako hairudi. Ya pili, tunakata upande mmoja mpaka ndani, ule wenye kuangalia ukuta ao choo cha inje, na unakubali kwamba upande ule utabakia wa kahawia daima. Ya tatu ni kungoa na kupanda upya, na hii tunaipendekeza wakati uzio umeisha kufunguka chini, miguu iko wazi, mbuzi na kuku banapita. Hatupendi kungoa muti wa miaka mingi, lakini kuuzia mtu ndoto kwamba itaota tena ni kumuibia.

Kama uzio wako ungali muzima, omba ukatwe ukiwa mpana chini na mwembamba juu. Batu bengi banapenda ukuta uliosimama wima kabisa, ao juu panene kuliko chini sababu njo mkono unafika rahisi, kisha banashangaa chini panakauka. Jua halifiki kule, njo sababu. Majani ya chini bila mwanga yanakufa, na tumeisha kusema kile kinafuata.

Sasa tuje ku kichwa. Mwezi wa kumi na mbili kila nyumba, kila kanisa, kila butiki inataka sapini, muti wa Noeli. Ule muti wa ku picha za Ulaya, wenye theluji, mara nyingi ni episea ya Norway, Picea abies. Huo una sindano fupi, ngumu, kila moja imesimama peke yake ku kijiti, na sababu ina pande nne inabiringika mu vidole. Tangu 1947 mji wa Oslo unatuma episea moja kubwa London kila mwaka, inasimamishwa Trafalgar Square, ni asante yao kwa Waingereza kwa msaada wa vita ya pili ya dunia. Ni muti wa inchi za baridi kali. Huku kwetu tunachukua sipre, tunaipamba na guirlande na taa, watoto banafurahi, na sisi tunaona ni vizuri kabisa, haina haja ya kununua ya plastike.

Ila angalia namna banaipata. Kijana anapanda, anachagua kichwa cha muti kijana sababu kina umbo zuri la sapini, anakata mita moja na nusu, anauza njiani. Ule muti umepoteza mwenye kuongoza. Matawi ya pembeni yanaanza kugombania nafasi ya kwenda juu, unapata vichwa viwili ao vitatu ku shina moja, na pale vinapoungana hapana nguvu. Miaka inapita, upepo wa mvua unakuja kutoka ziwani, kichwa kimoja kinapasuka na kuanguka ku manjanja (mabati) ya nyumba. Tumeisha kuitwa usiku kwa kazi ya namna hiyo, tawi liko juu ya paa, maji inaingia mu chumba cha watoto. Na kama ni uzio, unapata shimo katikati, na shimo la sipre halijifungi lenyewe haraka.

Kama bamekukatia tayari na muti ungali kijana, usiuache hivyo. Chagua tawi moja la juu lenye nguvu, lisimamishe, lifunge ku fimbo na kamba laini, zile zingine zinazoshindana nalo uzifupishe ndani ya kijani. Litashika njia. Hiyo kazi ni ya dakika chache, tukiwa kwako kwa kazi ingine tunaifanya bila kuongeza bei.

Na sapini tunakutengenezea. Tunapokata uzio wako mbele ya sikukuu, tunaweka pembeni matawi marefu mazuri, yale yangekatwa tu, tunayafunga kuzunguka fimbo mu ndoo yenye muchanga wa maji maji, ya marefu chini, ya mafupi juu. Inatoka imejaa kuliko hata ile ya kichwa. Ama unachukua sipre ndogo mzima mu ndoo yenye matobo: inaingia mu salon siku chache, inarudi inje mbele haijachoka, na mwaka kesho inakuja tena ikiwa mrefu zaidi. Mama mmoja wa Ndendere anafanya hivi na wajukuu bake njo banaimwagilia maji, na kusema ukweli ni ile sapini tunaipenda kuliko zote tunazoziona mu mji.

Kuko pia benye banatuita kusema sipre imekauka na hakuna mtu aliigusa. Hapo mara nyingi ni vidukari, vidudu vidogo vya kahawia vinakaa kwa kundi ku vijiti vya ndani, vinanyonya maji ya muti na mate yao inaua tawi. Vilionekana Malawi 1986, na ndani ya miaka michache vikawa Tanzania, Burundi, Rwanda, Uganda na Kenya, masipre mengi sana yakafa. Miaka ya 1990 watafiti bakaachilia Malawi na Kenya nyigu mdogo anaitwa Pauesia juniperorum, anataga yai ndani ya kidukari, mtoto wa nyigu anakila kutoka ndani. Njo sababu hatupulizi dawa kali ovyo ovyo, inaua na bale benye banatusaidia. Alama za kuangalia: sisimizi banapanda na kushuka ku shina bila kuchoka, majani yanashika mkono kama yamepakwa sukari, kisha kunakuja weusi wa masizi. Ukiona hivyo mapema, tunakata vile vijiti, tunavifunga mu mufuko, tunapiga maji ya sabuni kwa nguvu mpaka ndani, na sekateri inasafishwa mbele ya kwenda ku parsele ingine. Wakati wa jua, mwezi wa sita mpaka wa nane, muti una kiu na unashindwa kujitetea, kwa hiyo miezi ile usikate sana, ngoja mvua ya mwezi wa tisa.

Ku usafi wenyewe hatuna mengi ya kueleza, mnaujua. Tunaanza juu tunashuka: manjanja, gutiere (mifereji ya paa), ukuta, kisha chini. Gutiere tunaisisitiza sababu vijani vya sipre ni vidogo, vinaingia mule, vinakuwa tope, maji inamwagika ku ukuta na kuchimba udongo, na mu Bukavu yenye milima hivi, maji yenye haina njia inakutafutia njia kwako ama kwa jirani wa chini. Makanivo (mitaro ya maji) ya mbele ya mlango tunayafungua pia, hata kama haiko mu devi (karatasi ya bei).

Uchafu hatuutupi mu kanivo wala ziwani. Kila mtu hapa anajua namna plastike inateremka mpaka Ruzizi na kuziba mashine za barazi (bwawa la umeme), kisha umeme unakatika. Plastike tunaipeleka kwenye inachukuliwa, majani tunayaweka chini ya maua ao tunayabeba. Na tafadhali, musiweke rundo la sipre iliyokauka karibu na nyumba ya mbao. Ile majani ina mafuta, inawaka haraka sana, na moto mu kartye zetu zenye nyumba zimeshikana tumeuona wa kutosha. Hili tunaliomba hata kwa asiye muteja wetu.

Bei inategemea urefu wa uzio, kimo chake, kama tunahitaji ngazi kubwa, na kama gari ya kubeba majani inaweza kufika ama tunabeba ku mgongo mpaka barabarani. Mutume ku WhatsApp picha mbili: moja ya uzio mzima kutoka mbali, na moja umefungua matawi, inaonyesha kijani kinaishia wapi. Na ile ya pili tunaweza kukuambia palepale kama inawezekana. Avanse ni nusu, ingine ukiisha kuona kazi. Benye banataka mbele ya Noeli bajiandikishe mbele mwezi wa kumi na moja uishe, sababu wiki ya mwisho hatukati sipre tena, tunafanya tu kufagia, kupaka rangi na kusambaza sapini.