Mwanga wa matumbawe haupimwi kwa wati

Ndugu Mhariri,

Ukurasa wenu wa nyumba na samani wa Jumamosi iliyopita ulimshauri msomaji mwenye tangi la samaki na matumbawe anunue taa ya wati nyingi kadiri mfuko unavyoruhusu. Mimi ni fundi umeme, nimefunga taa jijini hapa miaka ishirini na mbili. Ushauri kama huo niliufuata mwenyewe, nikamharibia mteja.

Mteja ni daktari wa meno, yuko Upanga. Chumba cha kusubiria kina tangi la futi nne, kina chake futi mbili, lenye samaki wachache na matumbawe yaliyooteshwa kwa vipande, yaliyoagizwa nje kwa vibali. (Anayefikiria kwenda kuvunja ya bure kwenye visiwa vya Mbudya au Bongoyo ajue kule ni maeneo tengefu kisheria.) Taa yake ya zamani ilikuwa ya metali halaidi, yaani balbu ya gesi yenye mwanga mkali, wati 250. Ilikuwa inapasha maji kiasi kwamba Januari feni mbili zilikuwa hazifui dafu, na kwa saa tisa za kuwaka ilikula zaidi ya uniti mbili za LUKU kila siku. Ilipokufa akaniita.

Nikaenda Kariakoo, nikachukua taa ya LED ya wati 100, ile ya kumulika uani, mwanga wake wa manjano. Muuzaji akasema hiyo hata bahari ingeimulika. Nilipoifunga, chumba kikang'aa kama ukumbi wa harusi. Daktari akafurahi, nami nikalipwa changu.

Wiki ya tatu simu ikaita. "Fundi, njoo uone ndevu." Kweli, mwani ulikuwa umeota juu ya mawe kama ndevu za beberu, na matumbawe yalikuwa yamesinyaa, rangi yake kama chai kavu.

Nilikuwa nimeyaamini macho yangu. Tumbawe ni mnyama, lakini ndani ya nyama yake anaishi mwani mdogo usioonekana kwa macho, na huo ndio unaompikia sehemu kubwa ya chakula kwa kutumia mwanga. Mwanga uliouzoea ni wa bluu. Nimekulia Kunduchi, mjomba wangu alikuwa mvuvi, na tulipokuwa wadogo tulipiga mbizi na chochote tulichovaa. Ukishuka pima tano, jezi ya Simba inapoteza wekundu wote, inakuwa kama tambara la gereji. Ya Yanga inajitahidi kidogo (mimi ni Simba, kusema hivyo kunaniuma). Maji hunywa wekundu kwanza, bluu ndiyo inayofika chini. Sasa jicho la mtu kwa bluu ni zito, kwa hiyo taa inayolifaa tumbawe utaiona hafifu, na ile ya uani utaiona kali. Kipimo cha luksi, kile kifaa cha kupima ukali wa mwanga, nacho kimetengenezwa kufuata jicho, kinakudanganya vilevile.

Taa ya pili nilinunua ya matangi hasa, yenye bluu nyingi, na nguvu yake inapandishwa na kushushwa. Nikaiwasha asilimia 100 siku ya kwanza. Siku ya tano matumbawe mawili ya juu yalikuwa meupe kama chaki. Mwanga ukizidi ghafla, tumbawe hutapika mwani wake, ukabaki unauona mfupa kupitia ngozi. Moja lilirudi baada ya miezi miwili. Jingine lilikufa, na nililifidia.

Nikaanza upya kwa asilimia 30, naongeza kidogo kila wiki, taa ikining'inia kama sentimita 30 juu ya maji, kuanzia saa nne asubuhi hadi saa moja usiku. Yale laini nikayashusha chini, yenye matawi magumu yakabaki juu karibu na taa.

Jambo la taima, ile swichi ya saa inayowasha na kuzima taa yenyewe, nalo msiliache. Niliweka ile ya kuzungusha kwa mkono. Umeme ukikatika nayo inasimama, ukirudi inaendelea ilipoishia. Wiki moja ulikatika mara kadhaa, jumla kama saa sita. Mlinzi akanipigia saa saba usiku kwamba tangi bado linawaka. Nunueni yenye betri. Na waya uachwe ulegee, ushuke chini kuliko plagi kabla ya kupanda kwenye soketi, ili tone la maji ya chumvi lidondoke sakafuni lisiingie kwenye umeme. Hilo sijalikosea hata siku moja, lakini nimekuta mafundi wenzangu wamelikosea, na soketi imeota kutu ya kijani.

Naomba ule mstari wa wati muusahihishe kabla mtu mwingine hajapanda daladala kwenda Kariakoo.

Fundi umeme,
Magomeni Mapipa, Dar es Salaam