Maandalizi ya safari ya huduma ya afya

Wapendwa, Bwana asifiwe!

Mnaokwenda kujitolea, chanjo ya homa ya manjano mchanje mapema, maana cheti huanza kutambulika siku 10 baada ya sindano. Waliokwisha kuchanja hawarudii. Tangu 2016 cheti ni cha maisha. Dawa za kuzuia malaria, muulize daktari wako.

Madaktari na wauguzi, nileteeni nakala za leseni. Bila kibali cha baraza la madaktari au la wauguzi la nchi tunayokwenda hakuna atakayemgusa mgonjwa, hata awe bingwa.

Dawa za msaada ziwe zimebakiza angalau mwaka 1 zinapofika, ndivyo Shirika la Afya Duniani linavyoelekeza. Mabaki ya kabatini tafadhali msilete.

Linalonikaa moyoni ni hili: mgonjwa wa presha tukimpa vidonge vya wiki mbili kisha tukaondoka, tumemsaidia nini? Kila tutakayemwona aandikwe kwenye daftari la zahanati ya pale, wahudumu wake waendelee naye. Tutamwombea anayetaka kuombewa. Matibabu ni ya wote, awe Mkristo au asiwe. Picha za wagonjwa bila ridhaa yao, hapana kabisa.

Ambaye hajapata pasipoti anitumie ujumbe leo.