Kwa wanangu wa tabaka la kati

Wanangu,

Nawaandikia ninyi mnaoishi kwa mshahara na biashara ndogo zilizosimama: walimu, wauguzi, wahasibu, mafundi wenye wateja wa kudumu. Kila mwaka mnaambiwa uchumi unakua na kwamba ninyi ndio ushahidi. Usiku hamlali kwa hofu ya kuanguka kwenye umaskini, na mnaona haya kusema.

Msione haya. Hofu yenu ina msingi. Mwaka 2011 Benki ya Maendeleo ya Afrika ilihesabu kwamba karibu theluthi moja ya Waafrika ni tabaka la kati, lakini wengi wao walikuwa wakitumia kati ya dola 2 na 4 kwa siku. Mtu wa kiwango hicho akiugua mwezi mmoja tu, hesabu yake inabadilika. Indonesia nayo, kwa takwimu za serikali, ilikuwa na watu milioni 57 wa tabaka la kati mwaka 2019. Kufika 2024 walikuwa wamepungua chini ya milioni 48, ingawa baada ya korona uchumi ulirudi kukua kwa takriban asilimia 5 kwa mwaka. Uchumi wa nchi unaweza kupanda huku wewe ukishuka.

Chukueni hati ya mshahara mwisome mstari kwa mstari. Kodi imekatwa. Rejesho la mkopo limekatwa. Kinachobaki kinagawanywa kwa ada ya shule binafsi, hospitali binafsi, mlinzi, maji ya kununua, umeme wa akiba. Yaani mmelipia huduma za umma kupitia kodi, kisha mnazilipia tena mfukoni kwa sababu mlishazikimbia. Hapa ndipo penye kidonda, na hapa ndipo ninapotofautiana na wanaowahubiria akiba peke yake. Akiba ni jambo jema, wekeni hata kidogo. Lakini hakuna mshahara wa kawaida utakaoweka akiba ya kutosha kupambana na saratani, au na miezi minane bila kazi. Mzigo wa namna hiyo hubebwa na wengi au humwangusha mmoja.

Kuhusu mikopo, nina neno moja tu. Ulizeni riba inapigwa juu ya nini. Mkopo wa mwaka mmoja unaolipwa kila mwezi, riba ikiwa asilimia 12 ya deni lote la mwanzo bila kupungua kadiri unavyolipa, gharama yake halisi inazidi asilimia 21. Afisa mkopo anayekwepa swali hilo, muageni kwa adabu mwondoke.

Na ndugu zenu? Wasaidieni, ila semeni ukweli wa kipato chenu. Wengi wenu mnaficha, mnakopa ili mchango uonekane mkubwa, halafu mnamchukia ndugu ambaye hakujua. Kaeni naye, mwambieni mnachoweza kutoa kila mwezi bila kukopa.

Lililo kubwa zaidi ni hili: rudini kwenye mambo ya umma. Thailand, ikiwa bado nchi inayoendelea, ilianzisha bima ya afya kwa wote mwaka 2002, mgonjwa akichangia baht 30, fedha ya huko, kila anapotibiwa. Haikungoja kutajirika kwanza. Ninyi mnajua kusoma bajeti, mnajua kuandika barua, wakubwa wanawasikia kuliko wanavyomsikia mkulima. Mkiondoka kwenye shule na zahanati ya umma, sauti hiyo inaondoka nanyi, na anayebaki pale ni yule asiyesikilizwa.

Basi anzeni na zahanati iliyo karibu nanyi. Ulizeni kamati yake inakutana lini, nendeni, na mtake kuona dawa zilizoagizwa na zilizofika. Wenye mikataba ya muda mfupi nao wajiunge na chama cha wafanyakazi mwezi huu, kabla mkataba haujafika ukingoni.

Mzee wenu