Barua kwa makatekista: acheni kutenga watu ambao Kanisa halijawatenga

Wanangu makatekista,

Nimekasirika, na nimeona heri niandike kuliko kuwafokea mbele za watu. Majuzi kwenye semina mmoja wenu alisimama kifua mbele akatangaza kwamba mwanamke anayeishi na mwanamume bila ndoa ya Kanisa "ametengwa", yaani amepewa na Kanisa adhabu ya kukatwa na sakramenti zake. Mwingine akadakia: na aliyetoa mimba pia, hata kama alikuwa mtoto wa shule. Safu ya nyuma mama mmoja alifunga daftari lake, akatoka, asirudi.

Nani aliwapa mamlaka hayo?

Kila jinai katika Kanisa, yaani kosa ambalo sheria ya Kanisa inaliwekea adhabu, ni dhambi, ila si kila dhambi ni jinai. Chuki, wivu, tamaa ya moyoni, hata uzushi ulioufungia kifuani bila kuutamka, zaweza kuwa dhambi za mauti, na mahali pake ni kwenye kitubio. Kanuni ya 1321 ya Mkusanyo wa Sheria za Kanisa inataka tendo la nje linalovunja sheria au amri, tena lililotendwa kwa kusudi au kwa uzembe wa kulaumiwa vikali. Anayeishi bila ndoa ana shida na Komunyo, sikatai. Lakini kutopokea Komunyo si kutengwa, na hakuna kanuni inayomtenga.

Kuhusu mimba, ni kweli kanuni ya 1397 inataja adhabu ya kutengwa inayompata mtu kwa kutenda kwenyewe, bila hukumu kusomwa. Mbona hamkuendelea kusoma? Kanuni ya 1323 inasema asiyetimiza miaka 16 hapatwi na adhabu yoyote. Ya 1324 inamwondolea adhabu hiyo ya papo hapo aliye chini ya miaka 18, aliyeshurutishwa na hofu kubwa, na ambaye bila kosa lake hakujua kwamba kuna adhabu. Na mwaka 2016 hayati Papa Fransisko aliwapa mapadre wote uwezo wa kuiondolea dhambi hiyo. Mtoto wa shule mliyemtenga kwa midomo, sheria haikumtenga hata dakika moja.

Sasa geuzeni upande wa pili, ambako damu yangu huchemka zaidi. Mkubwa anapomchezea mtoto kingono, ulimi uleule unalainika: "Ni udhaifu, amekwisha ungama, tuyaache." Kumbe hiyo ndiyo jinai hasa! Zamani sheria iliiweka pamoja na makosa ya wakleri (maaskofu, mapadre na mashemasi) dhidi ya wajibu wao, kana kwamba aliyeumia ni useja. Kitabu cha Sita cha Sheria za Kanisa, kile cha adhabu, kilichorekebishwa, kilichoanza kutumika tarehe 8 Desemba 2021, kimeihamishia kanuni ya 1398, kwenye makosa dhidi ya uhai, hadhi na uhuru wa binadamu. Na haimgusi padre peke yake: inamhusu pia mlei mwenye wadhifa au kazi ndani ya Kanisa. Naam, hata wewe mwenye funguo za chumba cha mafundisho. Ondoleo la dhambi halifuti mashtaka. Lakini ndivyo tulivyo, ndani na nje ya Kanisa: mnyonge hutangazwa, mkubwa husitiriwa.

Mengine nayataja tu. Mshtakiwa ni mtu asiye na hatia mpaka ithibitishwe vinginevyo; kanuni ile ya 1321 inaanza na hilo. Kutangaza kwamba fulani ametengwa si kazi ya katekista. Usimuulize mtu aliungama nini, wala padre alimwambia nini.

Na mtoto akija kwako na neno zito, msikilize bila kumhoji kama polisi. Andika alivyosema, kwa maneno yake, kisha siku hiyohiyo lifikishe kwa askofu, na kwa dola pia pale sheria ya nchi inapodai. Usianze kumwita anayelalamikiwa eti ajieleze kwanza.

Mzee wenu