YAH: MMETUUZIA TORONTO YA JULAI, TUKAENDA FEBRUARI

Habari za kazi wahusika,

Mimi ni mteja wenu, mwezi wa pili nilisafiri na mama yangu mzazi kwenda Toronto kwa pakeji yenu ya siku nane na kusema ukweli bado nina hasira ndo maana naandika.

Siku ya tatu ratiba yenu inasema boti kwenda Centre Island halafu pikiniki. Pikiniki jamani! Tumefika kivukoni ni hasi 17, upepo unatoka ziwani, mama kajifunga kitenge juu ya koti juu ya sweta, kaka wa getini anasema kipindi hiki pantoni linaenda Ward's Island tu. Mama akaniuliza, "kwa hiyo hao waliotuuzia hawakujua?" Nikakosa la kumjibu. Siku ya tano Niagara yale yale, boti za kusogea kwenye maporomoko baridi ikiingia zinasimama mpaka msimu ubadilike, tukabaki juu tumeshika reli, manyunyu yanaganda kwenye nyusi, na hiyo boti tumeilipia dola 45 kila mtu.

Halafu nguo. Dada yenu wa ofisini nilimuuliza mara mbili akasema sweta na koti la kawaida vinatosha, mjini kuna hita kila mahali. Hita ziko ndani, nyie mmetupangia masaa matatu kwa miguu Kensington Market na Chinatown! Viatu vyangu vya ngozi vimeliwa na ile chumvi wanayomwaga barabarani kuyeyusha barafu, vimebaki na michirizi myeupe kama fulana ya mbeba mizigo Kariakoo. Mama vidole vikafa ganzi ikabidi nimnunulie buti na glavu pale Spadina, dola 160 ambazo sikuzipanga. Na muuza buti ndo katuambia kuna PATH, njia za chini ya ardhi zaidi ya kilomita 30, unatoka stesheni ya treni ya Union mpaka karibu na City Hall, ofisi za jiji, hujakanyaga theluji. Muuza buti! Nyie wataalamu hamkuandika hata mstari mmoja.

Sisemi mji mbaya. Karibu nusu ya watu pale wamezaliwa nje ya Kanada, ukipanda tremu tu unasikia lugha tano, na kule Danforth tulikula injera kwa Wahabeshi mama akacheka kwa mara ya kwanza toka tushuke kwenye ndege. Ila hiyo nayo tuliitafuta wenyewe.

Nataka hela ya boti zote mbili, watu wawili, na ya buti tukae tuongee. Vocha sitaki. Risiti ninazo, na ile ratiba yenu yenye picha ya watu wamevaa kaptula ninayo pia. Nimepiga simu mara nne naambiwa "tutakupigia", sasa wiki ikipita kimya nakuja ofisini mwenyewe, na mama nakuja naye.