Barua kwa mwanangu: AB au BC

Mama,

Jana ndani ya gari nilikwambia uchukue AP Calculus AB, lile jepesi kati ya masomo mawili ya kalkulasi ya kiwango cha chuo hapo shuleni, uiache BC, ili uilinde A yako, nawe ukanyamaza mpaka tukafika nyumbani. Kauli ile ninaifuta. Niliisema kwa hofu, tena hofu yangu mwenyewe, wala sikukuuliza neno moja kuhusu hesabu zenyewe.

Hofu hiyo ina chanzo. Nilipokuwa na umri wako nilichagua mkondo mgumu wa hisabati kwa kuwa wenzangu waliosifiwa wote walikuwa huko. Niliteseka mwaka mzima. Mwalimu akieleza kikomo ni nini, naelewa, akichora, naelewa, nikishika kalamu mwenyewe, jibu halitoki. Nikaishi miaka mingi nikiamini kwamba kalkulasi ilinishinda. Kumbe kilichonishinda ni aljebra niliyoingia nayo darasani, na hakuna aliyewahi kunionyesha.

Ndiyo maana usiku, ulipokwisha kulala, nilichukua daftari lako. Nisamehe, ilinipasa kuomba kwanza. Nilihesabu makosa 11 kwenye mazoezi ya mwezi huu, na 9 kati yake ni ya aljebra tupu. Alama ya kutoa imepotea njiani. Mahali pengine umeifungua (x + h)² ukaandika x² + h². Hilo la mwisho litazame vizuri, mama. Ile 2xh uliyoiacha ndiyo inayobeba kila kitu: ukitoa x², ukagawanya kwa h, kisha ukaiacha h ipungue kuelekea sifuri, kasi ya mabadiliko ya x² inatoka 2x. Bila 2xh utapata sifuri, na utakaa unatafuta kosa katika kalkulasi wakati kosa lilitokea mistari mitatu juu. Tabia hiyo itakufuata AB, itakufuata BC. Irekebishe likizo hii, kila siku nusu saa, na mimi nitakaa nawe.

Laiti ningeishia hapo, ningebaki na neno langu la jana. Lakini nilifunua ukurasa wa mwisho.

Umejumlisha 1, nusu, theluthi, robo, humusi, ukaendelea hadi moja ya ishirini. Umepata kama 3.6. Chini yake umeandika: "Itasimama wapi?" Hakuna aliyekutuma kufanya hivyo, haimo kwenye zoezi lolote.

Mwanangu, haisimami. Katika karne ya 14 mwanazuoni wa Ufaransa, Nicole Oresme, alilionyesha kwa hoja ambayo wewe unaiweza leo. Chukua theluthi na robo: jumla yake inazidi nusu, kwa sababu robo mbili peke yake ni nusu. Chukua humusi, sudusi, subui na thumuni: ni vipande vinne, hakuna kilicho chini ya thumuni, kwa hiyo vikijumlishwa vinazidi nusu tena. Vinane vinavyofuata hali kadhalika, na kumi na sita baada ya hivyo. Unaongeza nusu juu ya nusu bila kikomo. Ila inakwenda polepole ajabu: ili jumla ipite 10 unahitaji vipande 12,367.

Sasa badilisha kidogo tu. Jumlisha 1, robo, moja ya tisa, moja ya kumi na sita, yaani kila namba ya chini uipandishe kipeo cha pili. Hiyo inasimama. Mwaka 1734 mwanahisabati Euler aligundua inaposimama: π² gawanya kwa 6, karibu 1.645. Nilipolisoma hilo mara ya kwanza niliacha chakula. Pi ni ya duara. Duara limeingiaje humo? Mpaka leo swali hilo linanifurahisha.

Swali lako la ukurasa wa mwisho ni sura nzima ya BC, na katika AB halimo. AB na BC zote zina vikomo, kasi ya mabadiliko na maeneo chini ya mchoro. BC inaongeza njia zaidi za kutafuta integrali, yaani maeneo hayo, mikunjo inayoelezwa kwa pembe na umbali kutoka kitovu, na mifululizo isiyo na mwisho, yaani jumla kama hiyo yako. Kwa kipimo cha chuo, AB ni kazi ya kama muhula mmoja na BC ya miwili, na zote zinafundishwa ndani ya mwaka mmoja wa shule. Kwa hiyo kinachochosha zaidi katika BC ni mwendo. Ukikosa wiki moja, darasa limeshavuka.

Kwa maoni yangu, chukua BC. Anayejumlisha vipande ishirini kwa mkono kwa sababu tu anataka kujua, huyo hapungukiwi na kile kisichofundishika. Kinachofundishika, yaani hizo alama za kutoa na hayo mabano, tutakifundisha.

Mambo ya mtihani nitayataja kwa ufupi, maana najua yanakusumbua. Mitihani yote miwili hufanywa Mei, alama ni 1 hadi 5, na mtahiniwa wa BC hupewa pia alama ya pembeni kwa sehemu ya AB. Kazi ya AB haipotei hata mifululizo ikikulemea. Muulize mwalimu kama shule inaruhusu kuhamia AB wiki za mwanzo, na tarehe ya mwisho ni lini. Tena chagua kitu kimoja cha kupunguza mwakani. Huwezi kubeba BC, kemia na mazoezi ya jioni kila siku, na sitaki ujifunze kulala kwa muda wa saa nne tu.

Kuhusu A: ukileta B kutoka BC, sitauliza iliyobaki imekwenda wapi. Nitauliza umejifunza nini, na nitasikiliza mpaka umalize. Na ukiamua AB baada ya kuyasoma haya, kwa sababu zako na si kwa hofu niliyokupa, niambie sababu hizo nami nitazipokea.

Fomu iko mezani. Nimesaini sehemu ya mzazi, nafasi ya somo nimeiacha wazi. Daftari nimelirudisha mahali pake. Jumla yako itavuka 4 kwenye kipande cha 31. Nimeanza kuhakikisha kwa mkono nyuma ya bahasha, nimefika 24.

Baba yako